Cheti cha Rubani si Karatasi Tupu

Habari za eropleni ya kukodi iliyoanguka baharini pamoja na mchezaji Emiliano Sala

Usiku wa Jumatatu, tarehe 21 Januari 2019, eropleni ndogo yenye injini moja ilitoweka juu ya bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Guernsey. Ndani yake walikuwamo watu wawili tu: rubani, mtu mwenye umri wa miaka 59, na abiria wake, Emiliano Sala, mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Argentina, ambaye umri wake ulikuwa miaka 28. Wote wawili walipoteza maisha yao. Mwili wa Sala ulitolewa chini ya bahari baada ya siku 16. Mwili wa rubani haukuonekana kamwe.

Watu wengi waliposikia habari hizo walisema kwamba bahari na hewa mbaya ndizo zilizoua. Ni kweli kwamba usiku ule kulikuwa na giza, mawingu, na manyunyu ya mvua nzito katika njia ya eropleni. Lakini uchunguzi uliofanywa baadaye, pamoja na kesi zilizosikizwa hata mwaka wa 2022, ulionyesha wazi kwamba hewa mbaya ilikuwa na sehemu yake tu katika msiba huo. Kabla ya tone la kwanza la mvua kukipiga kioo cha eropleni, makosa mengi yalikuwa yamekwisha kutendeka huku chini ardhini, kwa simu na kwa mapatano ya watu. Makosa hayo yanafaa kujulikana na kila mtu apandaye chombo cha kukodi, kiwe cha angani, cha majini au cha barabarani.

Mtoto wa dereva wa lori

Emiliano Sala alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1990 katika kijiji cha Cululú, jimbo la Santa Fe, nchini Argentina, akakulia katika mji mdogo wa Progreso. Hiyo ni nchi ya mashamba na mifugo. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Kijana huyo aliondoka kwao mapema kwenda kujifunza mpira, kisha akavuka bahari kwenda Ufaransa, ambako alianza katika klabu ya Bordeaux. Hakupata sifa kwa siku moja. Alipelekwa kuchezea timu ndogo za Orléans na Niort, akachezea Caen, na mwaka wa 2015 akaingia katika klabu ya Nantes. Huko ndiko alikopendwa sana, kwa sababu alikuwa senta-fowadi asiyechoka kukimbia, na mwenye nguvu ya kupiga mpira kwa kichwa. Katika msimu wa 2018 na 2019, kabla ya mwezi wa Januari kwisha, alikuwa amekwisha kufunga mabao 12 katika ligi ya daraja la kwanza ya Ufaransa.

Tarehe 19 Januari 2019 klabu ya Cardiff City ya Wales, ambayo wakati huo ilikuwa katika daraja la juu kabisa la ligi ya Uingereza, ilitangaza kwamba imemnunua Sala kwa paundi milioni 15. Klabu hiyo haikuwa imepata kutoa fedha nyingi kama hizo kwa ajili ya mchezaji mmoja. Baada ya kutia sahihi mapatano hayo, Sala alitaka kurudi Nantes kwa muda mfupi ili awaage wachezaji wenzake na kuchukua vitu vyake. Klabu ya Cardiff ilisema baadaye kwamba ilikuwa tayari kumpangia safari katika ndege za kawaida za abiria. Lakini mtu mmoja katika shughuli za uwakala wa mpira alimtafutia eropleni ya kukodi, ili aende na kurudi upesi bila ya kusumbuka.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kuharibika. Mchezaji aliyenunuliwa kwa mamilioni ya paundi aliwekwa katika eropleni iliyoundwa mwaka wa 1984, aina ya Piper Malibu, yenye injini moja ya petroli. Eropleni kuukuu si lazima iwe mbovu, maana chombo kikitunzwa vema hudumu miaka mingi. Lakini safari ile haikuwa na kibali cha kuchukua abiria wa kulipiwa, na yule rubani hakuwa na cheti cha kufanya kazi hiyo.

Safari ya kwenda na safari ya kurudi

Walipotoka Cardiff kwenda Nantes tarehe 19 Januari, walifika salama, lakini rubani hakuridhika na hali ya chombo. Alimwambia rafiki yake kwa simu kwamba walipokuwa katikati ya bahari alisikia mshindo mkubwa, na kwamba aliona dalili nyingine asizozipenda. Alimweleza pia kwamba katika safari ya kurudi atavaa jaketi la kuokolea maisha. Maneno kama hayo hayasemwi na mtu aliye na imani na chombo chake.

Safari ya kurudi ilikuwa imepangwa kufanywa asubuhi ya tarehe 21 Januari. Lakini Sala aliomba icheleweshwe hata jioni, apate nafasi ya kuagana na rafiki zake kwa utulivu. Ombi hilo lilikuwa la kibinadamu, wala hakuna awezaye kumlaumu. Abiria hajui mipaka ya cheti cha rubani wake, wala hajui kwamba saa chache zikiongezwa, safari ya mchana hugeuka kuwa safari ya usiku. Anayepaswa kujua hayo ni rubani na mtu aliyempa kazi.

Eropleni iliondoka Nantes saa moja na dakika sita za usiku kwa saa za Uingereza. Mwendo hata Cardiff ni kama maili 300. Kabla ya kuondoka, Sala aliwapelekea rafiki zake sauti yake kwa simu, akasema kwamba yumo katika eropleni ambayo yaonekana kama itavunjika vipande vipande, na kwamba anaogopa. Sauti hiyo ilisikika baadaye ulimwenguni kote, na mamia ya maelfu ya watu wasiopata kumwona hata siku moja walihuzunika.

Walipofika juu ya bahari, rubani aliwaita kwa simu ya upepo waongozaji wa ndege walioko kisiwani Jersey. Alikuwa akiruka kiasi cha futi 5,000. Aliomba ruhusa ya kushuka chini zaidi ili aweze kuendelea kuona njia yake bila ya kuingia mawinguni. Akakubaliwa. Muda mfupi baadaye, kama saa mbili na robo za usiku, waongozaji waliona katika chombo cha rada kwamba eropleni imekata kona na kushuka kwa kasi, kisha ikapanda ghafula. Alama yake ya mwisho ilionekana katika kimo cha futi 2,300 hivi, mahali palipo maili 22 za baharini kutoka Guernsey, upande wa kaskazini na magharibi. Baada ya hapo hapakuwa na alama tena katika rada, wala jibu katika simu ya upepo.

Kutafutwa baharini

Usiku ule ule ndege, helikopta na mashua za kuokolea watu zilitoka Guernsey, Uingereza na Ufaransa kwenda kutafuta. Upepo ulizidi na bahari ikachafuka, hata kazi ikabidi kusimamishwa kabla ya mapambazuko. Asubuhi walianza tena. Walitafuta kwa siku tatu katika eneo kubwa la bahari, wasione mtu wala mashua ya mpira ya kuokokea. Tarehe 24 Januari mkuu wa bandari ya Guernsey alitangaza kwamba hakuna tena tumaini la kuwapata watu hao wakiwa hai, na kwamba kazi ya kutafuta imekwisha.

Jamaa za Sala hawakukubali. Dada yake alisimama mbele ya waandishi wa habari, akaomba kwa machozi kwamba ndugu yake asiachwe. Watu wa nchi nyingi wakachanga fedha, wengine kidogo na wengine nyingi, na wachezaji mashuhuri wakiwa miongoni mwao, mpaka zikapatikana zaidi ya euro 300,000. Kwa fedha hizo aliajiriwa David Mearns, mtaalamu aliyejulikana sana kwa kutafuta merikebu zilizozama. Wakati huo huo, Idara ya Uingereza ya Kuchunguza Ajali za Ndege ilikodi meli yake. Mito miwili ya viti vya eropleni ilikuwa imekwisha kuonekana ufukweni, katika rasi ya Cotentin nchini Ufaransa, na jambo hilo likathibitisha kwamba chombo kimevunjika.

Tarehe 3 Februari 2019, baada ya saa chache tu za kutafuta kwa chombo kinachopeleka sauti chini ya maji na kuusikiliza mwangwi wake, eropleni ilionekana chini ya bahari, katika kina cha mita 68, yaani zaidi ya futi 220. Mwili mmoja ulionekana ndani yake. Ulitolewa tarehe 6 Februari, na kesho yake ikathibitishwa kwamba ndiye Sala. Eropleni yenyewe haikuweza kutolewa kwa sababu ya hali ya bahari. Tarehe 16 Februari ibada ya mazishi ilifanyika kwao Progreso, na watu wa mji huo mdogo walijaa kumwaga. Klabu ya Nantes iliamua kwamba jezi yenye namba 9, aliyokuwa akiivaa, haitavaliwa tena na mchezaji mwingine. Baba yake Sala alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa Aprili mwaka ule ule.

Sumu isiyo na harufu

Katika kuupima mwili wa Sala, madaktari waligundua jambo ambalo halikuwa limetazamiwa. Damu yake ilikuwa imejaa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Kiasi chake kilikuwa asilimia 58, na kwa kawaida kiasi kinachozidi asilimia 50 hutosha kuua.

Sumu hiyo si ngeni kwa watu wa nchi zetu, ijapokuwa wengi hawalijui jina lake. Ni ile ile inayotoka katika jiko la makaa. Kila mwaka wa baridi kali husikika habari za watu walioingiza jiko katika chumba cha kulala, wakafunga mlango na madirisha, na asubuhi wakakutwa wamekufa bila ya jeraha lolote. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Inapoingia katika mapafu hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya hewa safi zaidi ya mara 200, hata damu ikawa haina nafasi ya kuchukua hewa ya uhai. Mtu huanza kuumwa na kichwa, akili yake ikalegea, akasinzia, na mwisho akazimia. Ubaya wake mkubwa ni kwamba humnyang'anya mtu akili ile ile ambayo ingemwambia akimbie.

Injini ya petroli hutoa sumu hiyo katika moshi wake. Bomba la moshi likiwa na ufa, au kiungo chake kikilegea, moshi unaweza kuingia katika chumba cha abiria pamoja na hewa ya kuwapasha moto. Wachunguzi waliamua kwamba yamkini ndivyo ilivyokuwa. Eropleni ilikuwa imekaguliwa na mafundi mwishoni mwa Novemba 2018, na tangu hapo ilikuwa imeruka kiasi cha saa 11 tu. Kwa hiyo ukaguzi peke yake hautoshi, maana ufa waweza kutokea baada ya fundi kuondoka. Kipo chombo kidogo, cha bei nafuu, kinachopiga kelele au kuwasha taa mara sumu hiyo inapoingia. Hakuna dalili kwamba eropleni ile ilikuwa na chombo cha namna hiyo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hapakubaki hata ukuta wa kujengwa.

Makosa ya kibali

Ripoti ya Idara ya Kuchunguza Ajali ilitolewa tarehe 13 Machi 2020. Ilisema kwamba rubani alishindwa kuitawala eropleni alipokuwa akikata kona kwa mikono yake, yamkini akijaribu kuyakwepa mawingu. Eropleni ilizidisha mwendo kupita kiasi ilichoundwa kuvumilia, ikavunjika ingali angani kabla ya kupiga maji. Yamkini rubani naye alikuwa ameathiriwa na sumu ile ile.

Kisha ripoti ilieleza hali ya vyeti. Rubani alikuwa na leseni ya binafsi, yaani ile inayomruhusu mtu kujirusha mwenyewe na rafiki zake kwa kujifurahisha, na kugawana nao gharama, lakini si kuchukua abiria kwa malipo. Alikuwa amepata kuanza masomo ya leseni ya biashara, asiyamalize. Hakuwa na idhini ya kurusha usiku. Tena, idhini yake ya kurusha eropleni za namna hiyo ilikuwa imekwisha muda wake mwezi wa Novemba 2018. Na yule aliyepanga safari hakuwa na cheti cha serikali cha kuendesha kazi ya kuchukua abiria kwa ndege.

Huenda msomaji akauliza, Je, karatasi ingeweza kuizuia mvua? La, haingeweza. Lakini yafaa kufahamu karatasi hizo zina maana gani.

Rubani anayejifunza kuruka kwa macho hutegemea kuona mstari unaotenga mbingu na nchi. Usiku, juu ya bahari, chini ya mawingu, mstari huo haupo. Hapo masikio ya mwanadamu, ambayo ndiyo yanayompa utulivu wa kusimama, humdanganya. Mtu aweza kuamini kwamba ameketi wima, kumbe eropleni imelala ubavu na inashuka kwa kasi. Rubani aliyefundishwa kazi hiyo huacha kuusikiliza mwili wake, akaviamini vipimo vilivyo mbele yake tu, na jambo hilo halipatikani kwa ujasiri, bali kwa mafunzo na kwa kupimwa mara kwa mara. Idhini ya usiku ni ushuhuda kwamba mtu amefundishwa hivyo.

Cheti cha kuchukua abiria nacho kina faida nyingine, ambayo watu wengi hawaifikiri. Kampuni yenye cheti hicho yalazimika kuwa na mtu wa kutazama vyeti vya marubani, mtu wa kutazama hali ya ndege, na kanuni zilizoandikwa za kusimamisha safari hewa ikiwa mbaya. Rubani wa kampuni hiyo akisema kwamba leo harushi, hapotezi kazi yake. Bali mtu aliyeajiriwa kwa siku moja, kwa malipo ya siku moja, ambaye hana haki hata ya kuipokea kazi ile, ana shida sana kukataa. Akikataa hapati kitu, na safari ijayo ataitwa mwingine. Rubani yule alisikia mshindo baharini, akaamua kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Lakini hakuamua kutosafiri. Hapakuwa na mkubwa wa kumwambia, Ngoja mpaka asubuhi, wala fundi wa kumwambia, Niache nikague bomba. Katika kazi isiyo halali hakuna wa kumsaidia mtu kusema hapana.

Hukumu ya korti

Mtu aliyepanga safari ile alishtakiwa katika korti kuu ya mji wa Cardiff, mwezi wa Oktoba 2021. Ilielezwa kortini kwamba mtu huyo mwenyewe alikuwa mapumzikoni Ufaransa pamoja na mkewe, hakuweza kurusha. Basi alimpa kazi hiyo rubani ambaye alijua hana vyeti vinavyotakiwa. Mwenye eropleni alikuwa amemkataza, tangu mwaka wa 2018, asimtumie rubani yule tena, baada ya wakuu wa usafiri wa anga kutoa malalamiko kwamba ameingia katika anga alipokatazwa. Hata hivyo aliendelea kumtumia. Alikuwa pia amemwandikia rubani huyo kwamba wote wawili waweza kupata fedha katika kazi hiyo, mradi wasiwaudhi wateja wala wasiwafanye wakuu wa usafiri wa anga kuwaangalia. Na mara aliposikia kwamba eropleni imepotea, aliwapelekea watu habari kwamba wanyamaze.

Tarehe 28 Oktoba 2021, wazee wa baraza kumi kati ya kumi na wawili walimwona ana hatia ya kuhatarisha usalama wa ndege. Shtaka la pili, la kujaribu kumchukua abiria pasipo kibali, alikuwa amekwisha kulikubali mwenyewe. Tarehe 12 Novemba alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Uchunguzi wa kifo cha Sala ulifanywa katika mji wa Bournemouth, ukamalizika tarehe 17 Machi 2022. Wazee wa baraza walisema kwamba alikufa kwa majeraha ya kichwa na kiwiliwili wakati eropleni ilipopiga maji, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amezimia kabisa kwa sumu iliyotoka katika bomba bovu la moshi. Waliompenda wana faraja hiyo moja, kwamba huenda hakuiona bahari ikimjia.

Klabu mbili za mpira nazo zilishindana kwa muda mrefu juu ya fedha za kumnunua. Chama cha mpira cha dunia kiliamua Septemba 2019 kwamba Cardiff ilipe fungu la kwanza la euro milioni sita, na Mahakama ya Michezo ya Lausanne iliikataa rufaa ya Cardiff mwezi wa Agosti 2022. Hesabu ya mamilioni hayo iliandikwa magazetini kwa miaka, hali ya kuwa gharama ya kumpeleka mtu Cardiff katika ndege halali ilikuwa ndogo mno mbele yake.

Faida iliyopatikana

Msiba huo haukupita bila ya kuleta mabadiliko. Wachunguzi waliwashauri wakuu wa usafiri wa anga wa Uingereza, wa Ulaya na wa Marekani walazimishe vyombo vya kuonya juu ya kaboni monoksaidi katika eropleni zenye injini za namna hiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Uingereza imeweka lazima hiyo kwa eropleni nyingi za petroli zinazowachukua abiria wasio marubani. Aidha, wakuu hao wamekuwa wakiwafundisha watu wa kawaida jinsi ya kuzitambua safari za magendo za angani.

Mafundisho hayo yanafaa hapa pia. Kila siku eropleni ndogo huruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Mara, kwenda Lamu na mahali pengine. Nyingi ni za makampuni yenye vyeti vya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, na abiria wake wana haki zote. Zamani kukodi ndege lilikuwa jambo la matajiri peke yao, lakini siku hizi jamaa hukodi ndege ya kumpeleka mgonjwa hospitali, vyama hukodi kwa mikutano, na karani wa ofisi huambiwa na mkubwa wake, Tutafutie ndege ya kesho. Karani huyo, pengine bila ya kujua, ameshika roho za watu mikononi mwake.

Yampasa aulize mambo manne kabla ya kulipa. Kwanza, ni kampuni gani inayoendesha safari hii, na cheti chake cha kuchukua abiria kiko wapi? Kampuni halali haioni haya kukionyesha. Pili, rubani ni nani, na je, ana leseni ya biashara na idhini ya saa zile za safari? Tatu, bima ya abiria ipo? Bima nyingi hazilipi kitu safari ikiwa si halali, na wajane na yatima huachwa mikono mitupu. Nne, hewa ikichafuka, ni nani mwenye neno la mwisho la kuahirisha safari? Jibu likiwa kwamba ni yule anayelipa, basi afadhali asafiri kwa barabara.

Na dalili za hatari hazifichiki sana. Bei iliyo chini mno kupita zote, fedha zinazotakiwa mkononi mwa rubani mwenyewe, kukosekana kwa tikiti wala risiti, na maneno ya kumwambia abiria, Ukiulizwa sema sisi ni marafiki, yote hayo ni dalili za safari ya magendo. Tena, abiria aliyekodi ndege halali asiwaharakishe watu. Rubani akisema kwamba watangoja hata asubuhi, asimnung'unikie wala asimwongezee fedha ili abadili nia. Mkutano waweza kuanza umechelewa, na mazoezi ya mpira yaweza kufanywa kesho kutwa.

Sala alitazamiwa uwanjani Cardiff asubuhi ya tarehe 22 Januari kwa mazoezi yake ya kwanza. Kama wangelala Nantes usiku ule, na asubuhi akatafutiwa ndege halali, angalifika amechelewa saa chache tu.